Sufuria ya Mama Achille

Venant Niyonzima alikuwa mtu wa kuchoka kimyakimya. Bega lake la kulia lilimuuma mwaka wa ngapi sijui, na hakumwambia mtu. Léocadie, mkewe na mama wa mwanawe Achille, alilijua kwa kumwona tu akivaa shati.

Asubuhi ile ukungu ulishuka ziwani ukamkuta Venant akivua, ukafunika hata ncha ya mtumbwi wake. Huko Kavimvira, ukungu ukiwa mzito hivyo, wanawake hutoka kwenda ufukweni na masufuria, wakayagonga ili waume wajue pa kurudi. Kila mmoja ana mdundo wake. Wa Léocadie ulikuwa mapigo mawili ya haraka, kisha moja zito. Leo Venant hakuutegemea. Jana walikuwa wamegombana: mke alitaka waachane na ziwa, wakalime Runingu kwa kaka yake. Venant akajibu kwamba hawezi kuzeekea kwenye shamba la shemeji.

"Basi kesho usinitegee sikio," Léocadie alisema. "Miye nimechoka kukuita."

Sasa alipiga kasia na kusikiliza, asisikie kitu. Majani yakaanza kupita ubavuni mwa mtumbwi. Akatia mkono majini, akakuta maji ni ya baridi, yenye tope. Hayo yalikuwa maji ya mto Ruzizi, na kwenye mdomo wa Ruzizi kuna viboko, na kiboko haombwi radhi. Aliogopa sana, lakini uchovu ulizidi woga. Alitamani kujilaza humo humo juu ya nyavu, litakalokuwa na liwe.

Ndipo akausikia. Mawili ya haraka, moja zito.

Lakini kwa hesabu yake nyumbani kulikuwa mbele, na mlio ulitoka kushoto, kwenye matete ambako hakai mtu. Alisita. Mvuvi mzima kukosolewa na sufuria! Kiburi hakichoki, hata mwenyewe akichoka. Kisha mlio ukarudi, naye akageuza mtumbwi.

Léocadie alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, kitenge kimelowa chote. Sufuria yao ya ugali ilikuwa imebonyea kitako.

"Mama Achille, ulijuaje niko huku?"

"Bega ikikuuma, unapigaka kasia ku mukono wa kushoto tu. Mutumbwi unakukokota mupaka ku Ruzizi. Haiko leo tu, Papa Achille."

"Ulisema hautanipigia."

"Nilisema."

Wakauvuta mtumbwi mchangani pamoja. Ndagala aliowavua walikuwa wachache, wala hakuna aliyewatazama. Venant akaketi ukingoni mwa mtumbwi. Alimwonea mkewe huruma, akajionea na yeye mwenyewe, na neno la asante likakataa kutoka.

"Kule Runingu," akauliza mwishowe, "mihindi banapandaka mwezi gani?"

Léocadie alimwaga maji yaliyokuwa sufuriani, akaweka mkono juu ya lile bega.

"Mwezi wa kenda," akasema.