Taa Tano za Ba

Jumapili ya kwanza ya Machi, mwaka jana, nilimpoteza Ba. Ba ni mama kwa lugha ya kwao Wahindi, na sote tulimwita hivyo. Nilimfanyia kazi za nyumbani miaka kumi na tisa, hapa Embu mjini, juu ya duka lao la vitambaa.

Kwetu Runyenjes mtu huzikwa shambani, na ukimkumbuka unaenda kung'oa magugu kaburini. Ba alichomwa kwa desturi yao, majivu yakamwagwa mtoni, sijui mto upi. Mimi niliachwa kulinda nyumba. Sikupata mahali pa kumuaga, kwa hivyo nikangoja Diwali, sikukuu yao ya taa.

Kila Diwali tulisafisha mpaka chini ya friji, kwa sababu Lakshmi, mungu wao wa kike aletaye neema, haingii penye uchafu wala giza. Tulisokota pamba kuwa tambi, tukajaza samli kwenye vibakuli vya udongo, tukavipanga mlangoni. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kuzima taa moja kwa kupuliza, kama koroboi. Ba alinifunika mdomo kwa mkono uliojaa samli.

"Hapana puliza! Hii taa mgeni. Wewe napuliza mgeni?"

Tulicheka hadi akaketi. Tangu hapo tuliziacha ziishe zenyewe.

Basi mwaka jana, jioni ya Diwali, niliwasha taa tano kwenye ngazi za mbele. Nilijaza samli hadi ukingoni ili zikae sana. Nikaanza kumwambia Ba, kwa Kiembu, maneno niliyoyaweka tangu Machi. Sikuwa nimefika nusu mwanawe alipotokea.

"Dada, nani amekwambia uwashe?"

"Si ni Diwali?"

"Tumefiwa, dada. Nyumba ikifiwa, mwaka huo hatusherehekei. Watu wataona kama tumefurahi."

Sikujua. Katika miaka yangu yote pale, hawakuwa wamefiwa.

Aliinama, akajaza mashavu ili apulize. Akabaki hivyo. Naye alilelewa na mkono uleule. Akageuza uso, akatoa pumzi kando.

"Umeweka samli kiasi gani?"

"Nimejaza."

"Ai, dada."

Askari wa duka jirani alipita, akaona mwanga. "Hepi Diwali, bosi! Zile ladu zetu tamu ziko wapi? Ama mwaka huu mmezimaliza wenyewe?"

Akasimama kidogo, akaenda zake.

Tuliketi kwenye ngazi, yeye juu, mimi chini, tukingoja samli iishe. Nilitaka kumaliza maneno yangu, lakini sikuweza mbele yake. Na kumwambia aingie ndani kwao, ningeanzaje?

Taa ya mwisho ilipozimika, alikusanya vibakuli vikiwa bado vya moto, akavifunga kwa kitambaa chake cha mkononi, akaingia navyo ndani. Mimi nilifuta samli iliyomwagika kwenye ngazi, nikaenda nyumbani kwangu, mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu.