Mchemsha Chumvi wa Olumbi Anayepigana na Neno Moja

Saa moja asubuhi, Mastura Abibo anakwangua udongo wa chumvi kwa kifuu cha nazi, kwenye uwanda mweupe nje kidogo ya Olumbi. Moshi wa jiko la kuchemshia chumvi unamwingia machoni, hajali. Kila mara ananyanyua kichwa. Anasikiliza injini.

Tangu gesi ipatikane baharini, magari ya watafiti hukatiza hapa. Uwanda ni mkavu, na dereva mwenye haraka haoni kwa nini azunguke na barabara. Mwaka huu wa 2012 pekee, watoto watatu wamegongwa. Mmoja alikufa. Ni Zuleica, binti wa Mastura, aliyekuwa na miaka sita.

Madereva walizoea kuwatupia watoto biskuti, ambazo huku huitwa kwa Kireno, bolacha. Haukupita muda, gari lenyewe likaitwa bolacha, na wakubwa nao wakalizoea jina. Siku ile ya Machi, Zuleica alikuwa anaokota kuni, ameligeuzia gari mgongo. Mama yake akaliona.

"Nikapiga kelele, 'Bolacha! Bolacha!' Mie nataka akimbie," anasema. "Akakimbia kweli. Akalikimbilia, mikono kaitanguliza. Mwanangu kanitii."

Nimeandika misiba mingi ya pwani hii. Huu umenishinda kuuzoea.

Sasa kila Alhamisi Mastura hupita nyumba kwa nyumba, akiwaomba watu waseme "gari" tu. Wapo wanaomcheka. Wengine humwambia ni kudura ya Mungu, atulie.

"Kwa Mungu sina kesi," anajibu. "Kesi yangu na neno."

Akiwa na wanawake kumi na mmoja, alimfuata pia Agostinho, msimamizi wa kambi ya watafiti. Walitaka biskuti zikome na magari yafuate barabara. La biskuti alilikubali. La barabara, alisema, linangoja kikao cha wakubwa. Miezi minne imepita, kikao hakijakaa.

Mastura hataki kungoja. Amepanga kabla ya mvua kila mtoto wa Olumbi awe amelijua neno jipya.

Mngurumo unasikika. "Gari!" anaita, na watoto waliokuwa wakicheza uwandani wanatimka hadi kwenye mikoko. Anabaki Nasrin peke yake, bintiye wa miaka mitatu, ametandaza viganja.

Mastura anatupa kifuu, anakimbia, anamnyakua. Gari linapita mbali, bila kupunguza mwendo.

"Sema gari," anamwambia, akihema.

"Bolacha," anasema Nasrin.

Mama anamfuta vumbi usoni, anaanza upya.

"Sema gari."