Siku Mwenye Duka Alipoitaka Injini ya Teksi

Kazi yangu ya kwanza yenye cheo nilipewa kwa sababu sikuwa mtu wa mahali popote. Wapenda mashindano ya magari wa Dodoma walitaka mkaguzi wa injini asiye na gereji, asiye na gari, asiye na shemeji miongoni mwao. Wakatazama huku na huku, wakaniona mimi, niliyeshuka mjini kwenye treni ya mizigo baada ya biashara ya mikeka kunishinda, nikawa nalala kwa fundi mmoja wa karakana ya reli. Shule niliiacha darasa la tano. Lakini yule fundi alinifundisha kusoma kalipa, kile kipimo cha chuma cha kupimia pistoni, na mimi kitu chenye mistari midogo midogo hakinipi raha mpaka nikielewe.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Vipuri ambavyo watu walikuwa wakivisubiri mwaka mzima vilianza kujaa madukani, vimetoka Dubai, vimelala kwenye maboksi yanayong'aa. Hapo ndipo mchezo wetu ulipoanza kuharibika. Zamani magari saba, yote salun ndogo za Kijapani za aina moja, yalizunguka mapipa kwenye uwanda wa vumbi upande wa Chimwaga, na aliyeshinda alishinda kwa mikono yake. Sasa mwenye hela alikuwa anaununua ushindi dukani. Ikatungwa kanuni: pistoni ziwe za kipimo cha kiwandani, na injini nikishaikagua niifunge lakiri, yaani muhuri wa kuzuia mikono, isifunguliwe hadi shindano liishe.

Lakiri yenyewe hatukuwa nayo. Nikajiona mjanja, nikanunua nta kwa warina asali waliotoka Chemba. Nilizungusha waya kwenye bolti za kila injini, nikadondoshea nta juu ya fundo, nikaigandamiza kwa dole gumba langu. Ilipendeza kweli. Mzunguko wa tatu haukuisha, uwanja mzima ukanukia asali. Injini zilikuwa zimepata moto na lakiri zangu zote saba zilikuwa zinachuruzika. Magari yaliposimama, nyuki wakaja. Madereva walikimbilia vichakani na kofia zao za chuma vichwani, na hakuna aliyethubutu kufunua boneti mpaka jua lilipoinama.

"Mkaguzi!" watu waliniita sokoni wiki nzima. "Leo unakaanga nini?"

Katika kikao, katibu wetu, mama aliyekuwa akiendesha gereji ya marehemu mumewe, aliuliza swali moja. "Tunalinda injini za nini? Wa pili apewe haki ya kubadilishana injini na mshindi, palepale uwanjani. Tuone nani atatia mahari ya binti yake kwenye chuma ambacho mwenzake atakichukua."

Wanaume wakacheka, kisha wakapitisha. Wakaongeza kwamba atakayetaka kubadilishana atamke mbele ya watu, na akishatamka hakuna kurudi nyuma.

Mmoja tu hakufurahi. Alikuwa mzee wa teksi, mtu wa mjini hapa tangu babu zake, kanzu Ijumaa na ovaroli siku nyingine zote. Gari lake la mashindano ndilo lililobeba abiria wa stesheni Jumatatu hadi Jumamosi. Injini ile ilikuwa imelisha watoto sita.

"Nikishinda, naweza kunyang'anywa," aliniambia. "Nisiposhinda, nimekwenda kufanya nini?"

"Mzee, si ubaki nyumbani?"

Alinitazama kama nimemtukana.

Siku ya shindano alikaza mkanda, akasema bismillahi, akaondoka. Nyuma yake alikuwa mwenye duka la vipuri, kijana mnene mcheshi aliyependa kusema kwamba gari lake halijawahi kuonja kipuri cha mtumba. Kwenye kila kona mzee alipita upande wa ndani, karibu kuligusa pipa. Alimaliza wa kwanza, mwenye duka wa pili. Akazima gari, akabaki ndani ameshika usukani.

Mwenye duka alishuka akijifuta vumbi. "Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Mimi injini hiyo naitaka. Natamka mbele ya watu wote."

Watu wakaguna. Mzee alishuka taratibu, akafungua boneti, akaanza kulegeza bolti mwenyewe. Mara mbili spana ilimteleza. Kabla ya kubadilishana ilinibidi nikague, basi tulitandika turubai, nikapiga magoti, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikatoka. Nilipima pistoni ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kipimo cha kiwandani, tena zimelika kidogo. Kuta za silinda zilikuwa zimechoka kama nyayo za sandali.

Mwenye duka aliinama. "Vitu viko wapi?"

"Vitu gani?" mzee akauliza.

"Ulivyoweka!"

"Sijaweka kitu. Nimepunguza. Kila pistoni niliipima kwa mizani ya duka la sukari, iliyozidi nikaipiga tupa, mpaka zote zikawa sawa. Vali nimezisaga kwa mkono, mwezi mzima."

Mwenye duka alisimama wima, akatazama gari lake lenye pistoni na ringi mpya alizotia mwezi uliopita. "Jamani, nilikuwa natania."

"Weee!" umati ukalipuka. "Umetamka!"

"Mama katibu, niokoe."

"Nikuokoe na mdomo wako mwenyewe?" alijibu. "Leteni mnyororo."

Tukarudisha hedi, tukasimamisha miti mitatu, tukafunga mnyororo, na kabla ya magharibi kila mmoja aliondoka na injini ya mwenzake. Mzee aliaga yake kwa kuipapasa, kama mtu anayeuza ng'ombe wa maziwa.

Jumatatu nilipita stesheni makusudi. Mzee alikuwa ameinamia boneti, uso umekunjamana. "Ina nguvu," alisema, "lakini haina adabu. Inakunywa mafuta kama harusi."

Hatujamaliza, gari la mwenye duka likaja likikohoa, likazimika katikati ya barabara. Akalisukuma hadi kwetu, jasho linamtoka. "Mzee, inanikatalia."

"Umeiwashaje?"

"Kwa ufunguo."

"Basi ndiyo maana." Mzee alichukua spana, akamwonyesha mahali pa kushika kabureta. "Njoo hapa. Sikiliza. Halafu na wewe utaniambia hii yako inataka nini."

Vichwa viwili vikazama chini ya boneti moja. Abiria mwenye masanduku matatu, aliyeshuka kwenye treni, alikuwa akipiga kelele kwamba anachelewa.

"Panda teksi ya mwenzangu pale," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Mimi leo nina mgeni."