Saumu ya Shaibu

Miaka yote Shaibu alipokuwa teja wa unga, hakuna mtu pale kijijini Utende aliyemuuliza kama amefunga. Alihesabiwa pamoja na mbuzi: wakila mchana, wamekula. Maswali yalianza alipopata nafuu.

Nafuu yenyewe ilikuwa kikombe cha methadoni, dawa ya kuachia unga, kila asubuhi, kwenye dirisha la kliniki Kilindoni, mbele ya muuguzi. Akishameza hutakiwa aseme neno, ijulikane kinywani hamna kitu. Shaibu husema, "Alhamdulillahi." Kwa kikombe hicho alinenepa, akapata kazi kwenye boti ya watalii wapiga mbizi, na mkwewe Bimkubwa akaanza tena kuitikia shikamoo yake. Mkewe Moza, aliyechukuliwa na mama yake zama za unga, alikuwa karibu kurejea.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Jirani akamwona dirishani, jua limeshapanda, kainua kikombe. Habari ilifika Utende kabla ya bodaboda yake. Hifadhi ya bahari ya pale inawalinda kasa. Kobe, jina la mla mchana wa Ramadhani, hana wa kumlinda. Bimkubwa akatuma neno: kobe hapewi mwanawe.

Shaibu akaomba anywe baada ya magharibi. Dirisha hufungwa mapema. Akaomba aende nayo nyumbani. Dawa ile haibebwi. Basi akafunga.

Siku ya kwanza alipiga miayo. Ya pili pua na macho vilimchuruzika, akajikunja barazani kashika tumbo. Watu wakapendezwa. Walisema toba imemwingia, na mzee mmoja akawaita wanawe waje wayaone machozi ya mcha Mungu.

Asubuhi ya tatu Bimkubwa alikuja kujionea. Shaibu akamwamkia, mwayo ukamkatiza katikati ya shikamoo. Bimkubwa hakuitikia. Uso ule aliujua: wa teja aliyekosa dawa. Mara ya mwisho alipouona, sufuria zake za pilau zilitoka jikoni zisirudi.

"Toka lini hujanywa, baba?"

"Juzi, mama. Nimefunga."

"Mgonjwa Mungu kamruhusu ale. Aliyekukataza ni mimi, na mimi si Mungu. Inuka, kabla hujafika jikoni kwangu."

Walikwenda kwa bodaboda mbili, maana mkwe ni mkwe. Dirishani Bimkubwa alisimama ubavuni pake, akiwakazia macho wapita njia mmoja mmoja mpaka wakakumbuka shughuli zao. Shaibu akameza. Muuguzi akamwambia aseme neno.

"Alhamdulillahi," akawahi Bimkubwa.

Jioni Moza alirudi kwa mumewe na futari, kaibeba kwenye bakuli la plastiki. Sufuria mpya zilibaki kwa mama yake.