Spika Njema ni Ipi

Harufu ya pumba za mpunga iliyochanganyika na moshi wa dizeli ndiyo harufu ya Kibiti ninayoijua mimi. Mashine ya kukoboa ya Bi Zuhura ilikuwa jirani kabisa na nyumba yetu, na ilipoanza kunguruma asubuhi, vikombe kabatini mwetu viligongana taratibu kama watu wanaonong'onezana. Wanawake walikuja na magunia yao kutoka Chumbi na vijiji vya bondeni, wakaketi kwenye kivuli cha ukuta kungoja zamu, nyusi zao zikigeuka nyeupe kwa vumbi. Alasiri mashine ilipozimwa, jenereta iliachwa iendelee hadi baada ya sala ya isha, na waya mweusi uliopitishwa juu ya mikorosho ulileta umeme hadi sebuleni kwetu. Waya huo Bi Zuhura alitupa mwenyewe, bila kuombwa, siku aliposikia kwamba mganga mpya wa kituo cha afya amekuja na spika mbili kubwa na hana pa kuzichomeka. "Mtu na spika zake akae kimya?" alisema. "Haiwezekani. Abdu mwanangu, mvutie Dokta waya."

Baba ndiye aliyekuwa huyo mganga. Tulitoka Rungwe, kwenye baridi na migomba, na katika mizigo yote iliyotufuata juu ya lori hakuna kilichofungwa kwa upendo kama spika zake. Alizipata Dar es Salaam kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akimaliza mkataba na kurudi kwao. Zilikuwa nyembamba na ndefu, zikinifikia kidevuni, za mbao ya kahawia yenye mishipa, na kila moja ilikuwa na spika kubwa chini na nyingine ndogo juu, isiyozidi kifuniko cha chupa. Mama alipewa ruhusa ya kuzifuta vumbi kwa kitambaa kikavu tu. Mimi nilipewa ruhusa ya kuuliza, na nikaitumia vizuri. Niliuliza sauti inakaa wapi kabla haijatoka. Niliuliza kwa nini ziwe mbili wakati mwimbaji ni mmoja. Niliuliza spika njema inajulikanaje, na Baba, ambaye maswali ya wagonjwa aliyajibu kwa mkato, hilo alilikalia chini. "Spika njema, Atupele, haina sauti yake yenyewe," aliniambia. "Ni kama dirisha. Ukikiona kioo, ujue ni kichafu. Spika njema inakupa kila kilichokuwepo chumbani siku mtu alipoimba, hata kiti kikilia."

Bi Zuhura naye alikuwa na spika zake, na maoni yake hayakufanana na ya Baba hata kidogo. Hizo zililetwa kutoka Maskat na marehemu mumewe, Bwana Salum, aliyekuwa akiuza nguo na kununua mchele kwa mashua hadi Salale na visiwa vyote vya delta. Zilikuwa pana kama makabati, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na zikiwashwa sauti nene ilitoka taratibu ikajaa sebule, ikamwagika barazani. Baba alikuwa akisema, nyumbani kwetu tu na kwa sauti ndogo, kwamba spika za Bi Zuhura zinasema kila kitu kama mtu mwenye ndizi mdomoni. Nilipomuuliza Bi Zuhura swali langu, alicheka, akanivuta nikae juu ya mkeka karibu naye. "Spika njema, mjukuu wangu, ni ile ukiiwasha nyumba inakuwa na watu. Hizo za baba yako nimezisikia. Zimenyooka mno. Kama mtu anayekusalimu amesimama wima, hataki kukaa."

Basi ndipo ikaja miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ambayo nilikuwa nimeyazoea kwa rafu tupu yalijaa sabuni za rangi, mitumba, biskuti na betri, na vijana walirudi kutoka Dar na vitu ambavyo majina yake hatukuyajua. Abdu, mtoto wa mwisho wa Bi Zuhura, alirudi na redio ya spika za plastiki nyeusi, zenye taa nyekundu na kijani zilizocheza kufuata mdundo. Watoto wote wa mtaa tulijazana mlangoni kuzitazama. Nilipomuuliza Abdu spika njema ni ipi, hakunijibu kwa maneno, aliongeza sauti mpaka kuku wakakimbia, kisha akasema, "Unasikia mdundo huo? Bomba! Kifua chenyewe kinakubali." Bi Zuhura alitoka jikoni amejishika masikio. "Debe tupu haliachi kuvuma," alisema. Lakini Abdu alikuwa na lake moyoni. Alitaka kufungua duka la kaseti barabarani, na alitaka spika za marehemu baba yake azibomoe, mbao zake atengenezee kaunta. Alikuwa akimwambia mama yake kila siku kwamba spika zile zimechoka, zinakula nafasi, na dunia imekwenda mbele.

Bi Zuhura alichoka kubishana, akatoa neno ambalo nadhani alilijutia mara tu lilipomtoka. Zishindanishwe zote tatu, sebuleni kwake, kwa kaseti moja. Zake zikishindwa, Abdu achukue mbao. Baba aliposikia hakuweza kuficha furaha. Siku hiyo alasiri spika zake zilipakiwa kwenye mkokoteni, zimefungwa mablanketi, naye akatembea kando yake mkono mmoja juu, kama anayesindikiza mgonjwa. Akamwambia Bi Zuhura achague kaseti anayoijua kuliko zote. Bi Zuhura akaingia chumbani na kutoka na kaseti isiyo na picha wala maandishi. Alikuwa ni Bwana Salum mwenyewe, aliyejirekodi hapohapo sebuleni akijizoeza kasida za maulidi, mwaka mmoja kabla ya kufariki.

Ilianza redio ya Abdu. Taa zilicheza vizuri, lakini Bwana Salum alisikika kama anaimba ndani ya ndoo, na hata Abdu mwenyewe alikohoa akatazama pembeni. Zikafuata spika za Bi Zuhura. Sijui niseme nini juu ya hizo ila kwamba watu wote tuliacha kujigeuza-geuza. Sauti ilikuwa nzito na yenye joto, na Bi Zuhura alifumba macho akawa anatikisa kichwa kidogo. Mwisho Baba aliunganisha za kwake, akazirudisha nyuma kidogo kutoka ukutani, akasimama katikati. Na hapo, jamani, Bwana Salum aliingia chumbani. Nilisikia ulimi wake ukigusa meno. Nilisikia jogoo wa zamani akiwika nje, na twanga-twanga ya mchi mahali fulani nyuma ya nyumba. Nilisikia kila mwisho wa ubeti alivyonyamaza, akavuta pumzi, na pumzi hiyo ilikuwa na mkwaruzo kama karatasi inayokunjwa. Nikamtazama Baba nikitegemea tabasamu la ushindi. Uso wake ulikuwa ule wa kituoni, wa mtu aliyeweka kipimo kifuani mwa mgonjwa.

Bi Zuhura alikuwa amefumbua macho. Mwenye macho haambiwi tazama. "Dokta," alisema, "umesikia nini?"

"Hakuna kitu, Bi Zuhura. Anaimba vizuri."

"Nimekuuliza umesikia nini."

Baba alipunguza sauti ya amplifaya kwanza, kama vile hilo ndilo lililokuwa na haraka. "Pumzi yake," alisema. "Ilikuwa fupi. Kifua hakikuwa kizuri."

"Mwaka mzima kabla?"

"Inawezekana ni mwaka, inawezekana ni zaidi."

Nilikuja kuelewa baadaye uzito wa jibu hilo. Kwa miaka yote Bi Zuhura alikuwa akiwaambia watu kwamba mumewe alitoka nyumbani mzima, akaenda Salale kwa biashara zake, akarudishwa na mashua akiwa maiti. Kwamba ni Mungu aliyemchukua ghafla, bila ugonjwa, bila mateso. Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yake. Sasa ilimjia kwamba mtu yule alikuwa akiugua mbele yake, akamficha, naye hakumsikia. Hakulia. Aliinuka, akaitoa kaseti, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Spika zako ni hodari, Dokta," alisema. "Mimi zangu zilikuwa zikinipa mume mzima. Zako zimenipa mgonjwa. Zichukue." Kesho yake waya wetu mweusi haukuwa na umeme. Abdu, ambaye hakuthubutu tena kutaja kaunta, alikuja kuukunja bila kututazama machoni.

Wiki zilizofuata nyumba yetu ilikuwa kimya. Baba alizifunika spika shuka, na Mama, ambaye hakuwa na maoni yoyote juu ya spika, alisema jambo moja tu: kuna mambo daktari huyajua na akayameza. Baba alikwenda mara mbili barazani kwa Bi Zuhura kuomba radhi, akapewa kahawa na heshima zote, wala hakupewa mazungumzo. Mimi lililokuwa likinisumbua ni jingine. Nilikuwa na swali, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Siku nilipotumwa na Mama kupeleka mpunga mashineni, nilimkuta Bi Zuhura amekaa peke yake juu ya gunia, nikamwamkia, naye akaniitikia kwa upole wake uleule. Likanitoka.

"Bibi, yule mwanamke aliyekuwa akiitikia ni nani?"

"Kuitikia wapi?"

"Kwenye kaseti ya Babu. Kule nyuma, penye mchi. Kila akimaliza ubeti, kuna mwanamke anaitikia kwa sauti ndogo."

"Hapakuwa na mwanamke, Atu. Alijirekodi peke yake."

"Yupo, Bibi. Mimi nimemsikia."

Alijipangusa vumbi la pumba usoni. Kisha akanituma nikamchotee maji ya kunywa, na nilipoyaleta alikuwa ameingia ndani.

Jumapili iliyofuata, tulipokuwa tumetoka ibadani, tulimwona Abdu akija na waya umemning'inia begani. Nyuma yake alikuja mama yake, amevaa baibui, mkono kwenye pindo la kanga. Baba alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani kwa urefu wote unaotakiwa na adabu ya pwani, Abdu akipanda na kushuka kwenye mikorosho. Umeme ulipofika, Bi Zuhura alitoa kaseti. "Siku ile nilisikia pumzi tu," alisema. "Huyu mtoto anasema kuna kitu kingine."

Baba alimweka kwenye kiti cha katikati, mahali pake mwenyewe ambapo hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Bwana Salum akaimba. Ubeti ukaisha, akanyamaza, akavuta pumzi yake yenye mkwaruzo. Na kutoka mbali, kupitia mlango wa uani wa miaka mingi nyuma, ikaja sauti ya mwanamke akiitikia, pole sana, akifuata pigo la mchi. Bi Zuhura aliinamisha kichwa. Ubeti wa pili. Wa tatu. Katika wa tatu mchi ulichelewa, na Bwana Salum hakuendelea. Alingoja. Mpaka ile sauti ilipoitikia, ndipo akaanza ubeti mwingine.

"Ni mimi," alisema Bi Zuhura. "Nilikuwa natwanga. Sikujua kama ananisikia." Halafu akamgeukia Baba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, anayetaka kujua. "Dokta, huko kunyamaza kwake. Ni pumzi, au alikuwa ananingoja?"

Baba, ambaye siku zote alikuwa na jibu juu ya kila kilichotoka katika spika zile, aliusikiliza kwanza ubeti mwingine hadi mwisho. "Yote mawili yanawezekana, Bi Zuhura," alisema. "Hapo spika haiwezi kutuambia."

Walisikiliza kaseti ile hadi mwisho, wakairudia. Tangu siku hiyo Bi Zuhura alikuja kwetu mara mojamoja, labda mara moja kwa mwezi, na hakuwahi kukubali ombi la Baba la kumwazima spika zake azipeleke kwake. Alinieleza sababu tukiwa njiani, nikimsindikiza. "Zile za baba yako ni za kuuliza jambo," alisema. "Zangu ni za kukaa nazo. Mtu hawezi kuuliza kila siku." Spika zake zilibaki sebuleni na vitambaa vyake. Redio ya Abdu taa zake zilizimika kabla ya masika mawili kupita, na kaunta ya duka lake aliitengeneza kwa mbao za mkaratusi.

Sasa mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam, na Bi Zuhura na Baba wote wametangulia. Nasikia Kibiti umeme umefika, lami imepita, na kila kibanda kina muziki wake. Juzi nilimwita mwanangu mkubwa kutoka jikoni mara nyingi bila kuitikiwa, nikamfuata chumbani, nikamkuta ameweka vile vispika vidogo masikioni, vya kuingia hadi ndani. Sikumgombeza. Nilimuuliza uzuri wake ni upi, maana swali hilo halijanitoka. "Hivi, Mama, vinaondoa kelele zote za nyumba," alisema. "Unabaki na muziki tu. Hebu jaribu."

Nikavijaribu. Lazima nikiri, sauti ilikuwa safi kuliko chochote nilichowahi kukisikia. Baba angekaa kitako akashika kichwa. Feni ilipotea, gari za barabarani zikapotea, jirani anayekaripia wanawe akapotea. Mwanangu alinitazama akitabasamu, midomo yake ikienda bila sauti, akingoja niseme ni vizuri. Nikamwambia ni vizuri kweli. Kisha nikavitoa nikamrudishia mkononi, kwa sababu mdogo wake alikuwa bado hajarudi kutoka shuleni, na nilitaka kulisikia geti likifunguliwa.