Kumsomea Mama Mkwe Dirishani

Presha ya macho ilimpofusha mama mkwe wangu akiwa katikati ya kitabu cha nne. Vyote vilikuwa saba, vya Kifaransa, habari za mjane mmoja, fundi wa kutia vitambaa rangi katika mji wa Ulaya ya kale, enzi za ngome na mapanga. Kila kitabu kilikuwa na mauaji yake na mjane aliyafumbua, ila swali moja lilipita katika vyote: nani alimuua mumewe? Mama mkwe, mwalimu mstaafu, alimwambia mke wangu kwamba hatakubali kuzikwa bila kulijua jibu.

Mke wangu anakisoma Kifaransa kwa kujikwaa, tena anashinda sokoni. Nikabaki mimi. Lakini katika ukoo wao mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe. Hamtazami usoni wala hasemi naye. Neno hupitia kwa mke. Basi nikaweka kiti uani, chini ya dirisha lake, nikaupa ukuta mgongo. Nikitoka gereji ya malori nilimsomea mpaka mwanga unapoisha. Mgodi wa jirani ukipasua miamba kwa baruti, nilingoja vioo vya dirisha vitulie, kisha nikaendelea. Majirani walisema naungama kwa ukuta. Niliwaacha wacheke.

Kitabu cha tano hatukuwa nacho. Shemeji yangu mmoja akashauri tukiruke. Mama mkwe alikataa, na mimi nikakataa kuliko yeye, maana nilikuwa nimeshanaswa. Nilizunguka kwa wauza vitabu chakavu wote wa mji wetu, Kolwezi, mwishowe nikakipata mji mwingine, Fungurume, kwa mama muuza mitumba aliyekiweka chini ya mguu wa meza yake isiyumbe.

Kitabu cha saba ndicho kilichonitoa jasho. Mjane aliingia chumbani kwa diwani wa mji, na mwandishi hakuona haya hata kidogo: kitanda, vifungo, na yote yanayofuata. Maneno yale, mbele ya mama wa mke wangu? Nilifunua kurasa mbili kwa mpigo, nikaendelea na asubuhi yake kana kwamba diwani alimkaribisha supu tu.

Baada ya muda nikamsikia akimwita mke wangu, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, pale uani.

“Ambia bwana yako, kuna fasi aliruka. Mujane anajua ule diwani iko na kovu mu mugongo. Ile kovu aliionaka wapi?”

Mke wangu alinitazama akizuia kicheko. Nikamtuma amjibu kwamba ukurasa ule haufai.

“Umwambie, mi nilizala batoto, sikubaokota mu njia. Asome yote.”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini mume wa mjane alimkata muuaji mgongoni kwa panga kabla ya kufa. Tulilijua hilo tangu kitabu cha kwanza. Jibu alilolingoja mwanamke huyu lilikuwa kwenye kurasa nilizozificha, na sikuwa nimefika mpaka pale ili nimpunje. Nikarudi nyuma. Nikasoma kila kifungo mpaka kwenye kovu.

“Tata,” sauti ikatoka dirishani, ikiniita baba kwa heshima, ikinijia mimi mwenyewe. “Ni yeye.”

Tangu nioe hakuwahi kunisemesha. Nikamjibu bila kugeuka.

“Ndiyo, mama. Ni yeye.”

“Basi ingia ndani. Macho ya kukuona, sina tena.”

Nikabeba kiti changu, nikaingia, nikamsomea kurasa zilizobaki.