Leo nimemnyoa adui wa stelingi

Jamani, leo asubuhi nimeshika wembe shingoni mwa adui wa utoto wangu.

Mnajua natunza wazee majumbani hapa Rågsved, ughaibuni. Nina babu mmoja Mwingereza, ndevu zimemfunika uso wote. Miezi minane namwogesha. Aliwahi kuniambia alikuwa mwigizaji, nikadhani ni michezo ya kanisani.

Leo kasema, "Nyoa zote."

Nikanyoa upande mmoja, nikamtazama vizuri.

Lile kovu kidevuni. Ule mdomo uliopinda.

Ni yule adui wa kwenye filamu, aliyemuua mama wa stelingi. Yule niliyemrushia kandambili kwenye TV ya jirani kule Tanga, nikafukuzwa.

Nikamweleza yote, wembe bado mkononi.

"Nilipokufa mlifurahi?"

"Babu, tulicheza mpaka nje."

"Vizuri. Ndiyo kazi yangu ilikuwa."

Nikamuuliza kwa nini anyolewe leo. Akanishangaa. "Kwani leo si maandamano yenu walezi, nyie mnaopewa robo saa kwa kila mzee?"

"Waandishi wa habari hawakimbilii walezi," akasema. "Uso huu wataukimbilia. Nimewahi kuutumia kwenye maandamano ya wachimba migodi, na ya wauguzi."

Mimi sikuwa nimepanga kwenda. Namwogopa bosi.

Nikamaliza upande wa pili, nikapiga magoti, nikamvalisha viatu.

Akatazama soksi zangu.

"Na vyako viko wapi?"

Nyie mngemjibu nini?